Boksi Lina Migongo: Jinsi ya Kujiundia Marufaa ya Kadibodi

Jumapili moja ya masika, kamusi ilitumbukia kwenye uji.

Binti yangu, aliye kidato cha pili, alikuwa ameiegemeza kwenye chupa ya chai ili mikono yake ibaki huru, mmoja kwa kalamu na mwingine kwa kijiko. Chupa iliteleza, kamusi ikaifuata, na uji wa ulezi ukaenea kuanzia herufi K hadi katikati ya M. Tulizianika kurasa juani kutwa nzima. Zilikauka, lakini hadi leo ukitafuta maana ya neno “kitabu” unalakiwa na harufu ya ulezi.

Nyumbani kwa bibi yangu, Ngamiani, Tanga, jambo hilo lisingetokea. Bibi alikuwa na marufaa, ile ya kukunja ambayo wengi waliopita chuo cha Kurani wanaikumbuka: ubao mmoja uliopasuliwa na kuchongwa mpaka ukazaa mbawa mbili zinazopishana katikati kama vidole vya mikono iliyoshikana. Haina msumari wala bawaba ya chuma. Bawaba yake ni ubao wenyewe. Ukiifunga, inalala bapa ukutani. Ukiifungua, inasimama kama herufi X na kuupokea msahafu. Bibi aliketi mkekani, mgongo wima, na kitabu kilimwinukia yeye badala ya yeye kukiinamia. “Kitabu hakilazwi chini kama samaki sokoni,” alikuwa akituambia.

Marufaa ile ilikwenda kwa shangazi katika kugawana vitu vya bibi, nami sikuwa na haki ya kuidai. Nikaamua kujitengenezea ya kwangu, ndefu kidogo, ya kukaa mezani. Ubao sikuwa nao. Boksi nilikuwa nalo, limeegemezwa nyuma ya mlango likisubiri siku ya taka.

Ya kwanza niliiunda kwa dakika ishirini na ilidumu kwa muda kama huo. Nililikata boksi, nikalikunja, nikalibandika solotepu, nikaweka kamusi juu yake. Lilisimama, likafikiri kidogo, kisha likapiga magoti. Nikalibeba hadi kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee ambaye amechonga vitanda vya nusu ya majirani zangu.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Umebeba nini hicho, mzoga?”

Nikamweleza, nikamwomba anitengenezee ya mbao. Hakujibu. Aliligeuzageuza, akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo uliokatwa, akacheka.

“Ya mbao nitakutengenezea ukitaka. Lakini hiki hakikufa kwa kukosa mbao. Umekilaza migongo. Bati la nyumba yako umelipiga vipi? Migongo inateremka na mvua, siyo? Ungeilaza, maji yangekaa. Hapa uzito ndio maji. Uache uteremke.”

Makala haya ni maneno hayo ya fundi, pamoja na vipimo.

Kilichomo ndani ya ukuta wa boksi

Chukua kipande cha boksi lolote lililo karibu nawe, utazame ukingo wake. Utaona karatasi tatu: mbili bapa, juu na chini, na katikati moja iliyokunjwakunjwa kama bati la migongo midogo. Karatasi ya katikati peke yake ni laini na unaweza kuikunja kwa vidole viwili. Zile bapa nazo hazina ubavu wowote. Nguvu huja zinapogandana, kwa sababu kila mgongo unageuka kuwa nguzo ndogo iliyobanwa pande mbili isipinde. Isimamishe kadibodi migongo ikiwa wima, nguzo hizo hubeba mzigo kwa mamia. Ilaze migongo, nguzo zinakuwa mirija mitupu inayongoja kubonyezwa.

Waliobuni kitu hiki hawakuwa na boksi akilini. Hati ya kwanza ya haki ya ubunifu wa karatasi ya migongo ilitolewa Uingereza mwaka 1856 kwa Healey na Allen, nayo ilihusu bitana ya ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York aliitumia kufungia chupa na vioo vya taa visivunjike safarini. Mwaka 1874 Oliver Long aliifunga karatasi hiyo kwa karatasi bapa, na hapo ndipo kadibodi tunayoijua ilipozaliwa. Karatasi yake ngumu ya kahawia huitwa krafti, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Njia ya kuipika ilibuniwa na Carl Dahl mwaka 1879. Hapa Tanzania karatasi ya namna hiyo hutengenezwa Mgololo, wilayani Mufindi, kwa magogo ya misonobari ya nyanda za juu kusini.

Kwa hiyo boksi lililo nyuma ya mlango wako ni msonobari uliopikwa, ukakunjwa kwa hesabu na kubandikwa kwa wanga, ili friji ipandishwe juu ya friji nyingine ghalani bila ya chini kubonyea. Limesafiri mara moja. Sisi tunalitumia kuwashia jiko.

Shingo nayo ina mzigo wake

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini ahangaike, wakati kitabu kinalala vizuri tu juu ya meza. Jibu liko shingoni. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano na ushee. Kikikaa wima juu ya uti, shingo inabeba uzito huo huo. Kikiinama mbele, mambo hubadilika, kama ndoo ya maji inavyokuwa nzito ukiishika kwa mkono ulionyooshwa. Daktari mpasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alifanya hesabu hiyo mwaka 2014 kwa kielelezo cha kompyuta. Kwa makadirio yake, kichwa kilichoinama nyuzi 15 huikandamiza shingo kwa mzigo wa takriban kilo 12, na kikifika nyuzi 60 mzigo ni kilo 27. Yeye alikuwa anazungumzia simu. Lakini mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani huinama juu ya daftari vivyo hivyo, tena kwa saa nyingi.

Marufaa humwinulia kitabu. Faida ya pili ni mikono: anayenakili, anayefasiri, anayepika kwa kufuata maelezo, anayeshona kwa kutazama mchoro, wote wanahitaji kitabu kisimame chenyewe.

Kuchagua boksi

Si kila boksi linafaa. La biskuti au la sabuni ni la ukuta mmoja, unene wake milimita tatu au nne, na mara nyingi limeshabonyezwa na wapagazi. Linalotakiwa ni la kuta mbili. Ukitazama ukingo wake utahesabu karatasi tano: bapa, migongo, bapa, migongo, bapa. Unene wake ni karibu milimita saba. Hilo utalipata kwenye maduka ya friji na mashine za kufulia, ya vipuri vya pikipiki, na kwa wauza matunda yanayotoka nje. Yapo ya kuta tatu pia, yanayofungiwa mitambo, yenye unene wa karibu sentimita moja na nusu. Ukibahatika kulipata, hutahitaji kubandika tabaka, ila kisu chako kitalia.

Kabla ya kulichukua, lifanyie ukaguzi wa aina tatu. Libonyeze kwa kidole gumba: likibaki na shimo, limekwisha nguvu. Linuse: likinuka uvundo, limewahi kulowa, na boksi lililolowa halirudi kuwa lilivyokuwa hata likikauka. Kisha tafuta mshale.

Mshale huu ndio zawadi ya watengenezaji kwa fundi wa nyumbani. Maboksi mengi huchapwa mishale inayoonyesha upande wa juu. Kwa kawaida migongo ya kuta za boksi hupangwa wima, kwa hiyo mshale unapoelekea ndiko migongo inakoelekea. Kabla ya kukata chochote, chora mishale mingi midogo kwa penseli kwenye kadibodi yote, kwa sababu ukishakata vipande vitachanganyika, na kipande kisicho na mshale ni kama mtoto aliyepotea sokoni.

Vipimo

Umbo nililolichagua linatokana na rula ya shule, ile ya sentimita 30. Kiegemeo cha kitabu kitalala kwa nyuzi 60 kutoka mezani, mwinamo unaofaa kwa mtu aliyeketi kitini. Huhitaji kipimapembe. Pembetatu yenye kitako cha sentimita 15, kimo cha sentimita 26 na mlalo wa sentimita 30 ina nyuzi 60 pale kitako na mlalo vinapokutana. Ni nusu ya pembetatu yenye pande tatu sawa. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakuonyesha kwa nini, na akikuonyesha atakuwa amefanya marudio ya hesabu bila kujua.

Vipande ni hivi:

– Mraba mmoja wa sentimita 36 kwa 36. Huu utakunjwa mara mbili na kutoa kiegemeo (30), kibaraza cha kukalia kitabu (4) na kizingiti cha kuzuia kurasa (2).

– Kitako kimoja cha sentimita 36 kwa 20.

– Mbavu nne za pembetatu, 15 kwa 26 kwa 30. Mistatili miwili ya 15 kwa 26, kila mmoja ukikatwa kona kwa kona, inatoa zote nne.

– Mkanda mmoja wa sentimita 24 kwa 8, wa kuzifunga mbavu kwa nyuma.

– Kabari nane za pembetatu ndogo: kitako sentimita 3.5, kimo 2, mlalo 4.

Jumla yake ni kama theluthi moja ya mita ya mraba. Kwenye mraba mkubwa, migongo ipande kutoka kibarazani kwenda juu. Kwenye mbavu, mbili ziwe na migongo iliyo wima na mbili migongo iliyolala. Sababu utaiona tukifika kwenye gundi.

Kukata na kukunja

Kisu ni kile chenye wembe unaosukumwa mbele na kurudishwa, na wembe uwe mpya. Wembe butu haukati kadibodi, unaitafuna, na migongo iliyotafunwa ukingoni haibebi kitu. Tumia rula ya chuma, maana ya plastiki italiwa na kisu. Tandika ubao mkuukuu chini. Pitisha kisu mara tatu: mara ya kwanza uchane karatasi ya juu, ya pili uingie kwenye migongo, ya tatu utokee. Anayelazimisha kumaliza kwa mara moja ndiye anayejikata. Vidole vya mkono ulioshika rula vikae nyuma ya njia ya kisu, na watoto wapewe kazi ya kupima na kubandika, wakataji wawe wakubwa.

Mkunjo haukatwi, hubonyezwa. Mwaka 1879 huko Brooklyn, Robert Gair, mtengenezaji wa mifuko ya karatasi, alipata hasara pale bamba la chuma la kubonyezea mikunjo lilipopanda juu kidogo na kukata maelfu ya mifuko. Akaona kilichojificha ndani ya hasara ile: mashine moja ingeweza kukata na kukunja kwa pigo moja. Maboksi yanayofika yakiwa bapa na kusimamishwa dukani yalianzia hapo. Fundi wa nyumbani anachohitaji kukumbuka ni kuwa kukata na kukunja ni kazi mbili tofauti, hata zikifanywa kwa chuma kimoja.

Kwenye mraba wako, pima sentimita 30 kutoka juu uchore mstari, kisha sentimita 4 chini yake uchore wa pili. Weka rula kwenye mstari, upitishe ncha ya mpini wa kijiko mara nne au tano ukikandamiza, upande ule utakaotazamana na kitabu. Unaona bonde dogo linajichora. Hapo unaikata migongo nguvu kwa makusudi, mahali pamoja tu, ili ipinde unapotaka wewe. Weka bonde kwenye ukingo wa meza na ukunje taratibu. Karatasi ya nje ikitoa sauti ya kuchanika, simama, bonyeza zaidi, uendelee.

Gundi na kuunganisha

Gundi nyeupe ya mbao inatosha na haina makuu. Asiyekuwa nayo apike ya unga wa ngano: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne vya maji. Unga uvurugwe kwanza kwa maji baridi kidogo usifanye madonge, kisha umiminwe kwenye maji yanayochemka na kukorogwa mpaka ung’ae. Wapakaji wengi hukosea kwa kuwa wakarimu. Gundi nyingi ni maji mengi, na maji huilegeza kadibodi na kuipinda kama papa mkavu. Paka nyembamba, kwa kadi au kipande cha boksi, na paka pande zote mbili.

Anza na mbavu. Bandika ubavu wa migongo wima juu ya mwenzake wa migongo iliyolala, upate mbavu mbili nene. Hivi ndivyo plaiwudi inavyotengenezwa: tabaka moja likielekea huku, jingine huko, kila moja likificha udhaifu wa mwenzake. Ziweke chini ya vitabu au ndoo ya maji usiku kucha. Masika zipe siku mbili, hasa ukitumia gundi ya unga.

Zikikauka, zisimamishe juu ya kitako, kila moja sentimita 6 kutoka ukingo wa kando, upande wake ulio wima ukienda sawa na ukingo wa nyuma. Ukingo peke yake haushiki vizuri. Kata vipande vya bahasha za kaki, uvikunje katikati kama kona ya ukuta, uvibandike kila upande wa kiungo, nusu juu ya ubavu na nusu juu ya kitako. Nyuma, bandika ule mkanda kutoka ubavu hadi ubavu, karibu na juu, mbavu zisije zikatanuka kama miguu ya ndama mchanga.

Sasa laza kiegemeo juu ya mbavu, mkunjo wake ukigusa kitako pale mbavu zinapoanzia. Kibaraza kitajitokeza mbele kikiwa kimeinuka kidogo. Chini yake weka kabari, nne nne zikiwa zimebandikwa pamoja, kila fungu likiwa mbele ya ubavu wake. Hapa tena pana hesabu nzuri. Ubavu umechukua nyuzi 60, kabari imechukua 30. Mstari wa meza una nyuzi 180. Zilizobaki ni 90, nazo ndizo pembe ya kitabu: mgongo na miguu yake vinakaa katika pembe mraba, bila kuteleza. Kamba ya katani, ambayo sisi watu wa Tanga hatuishiwi, izungushwe mara mbili ili kuvibana vyote mpaka vikauke.

Mtihani ni pakiti mbili za unga za kilo mbilimbili, zikae kibarazani saa nzima. Kikibonyea chochote, rudi ukatazame mishale. Yangu ya pili ilifaulu, nami nikairudisha kwa fundi kwa maringo. Aliiweka sakafuni, akaikandamiza kwa kiganja, akasema, “Sasa imesimama.” Kisha akaniazima msasa nilainishe kona.

Kwa kurasa zinazojifunga zenyewe, vibanio viwili vya nguo kwenye kizingiti vinatosha.

Maadui watatu

Adui wa kwanza ni unyevu. Kadibodi hunywa mvuke wa hewani, na kwetu pwani hewa ina mvuke wa kutosha. Ikinywa, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake hata kabla hujaiona ikilegea. Ziba kingo zote zilizo wazi kwa vipande vya karatasi, kwa sababu maji huingilia kwenye midomo ya migongo. Paka tabaka mbili nyembamba za vanishi, au ivishe karatasi ya kalenda ya mwaka jana kama tulivyokuwa tukivisha madaftari. Mke wangu aliivisha kipande cha kanga kuukuu, na tangu hapo wageni wanauliza imenunuliwa wapi. Chini ya kitako bandika vizibo vinne vya soda, meno yakitazama juu. Chai ikimwagika mezani itapita chini bila kugusa kitu.

Adui wa pili ni mende, anayependa wanga wa gundi ya unga. Wa tatu ni mchwa, asiyechagua. Marufaa ya kadibodi haiachwi sakafuni usiku. Hilo ni sharti, si ushauri.

Lipo na onyo kwa wenye vitabu vya kale. Kadibodi ya kawaida ina asidi, na ikigusana na karatasi kwa muda mrefu huifanya iwe ya manjano na yenye kukatika. Kitabu cha shule hakitadhurika kwa saa mbili za kusomwa. Lakini aliyerithi msahafu ulioandikwa kwa mkono, kama ile iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na 19, asiuweke hapo na kuusahau. Wahifadhi wa makumbusho nao hutumia kadibodi ya migongo kuviandalia vitabu vya kale malalio, ila yao ni ya aina maalumu isiyo na asidi. Tena hawakifungui kitabu kikalala bapa, hukiacha nusu wazi, kama ilivyofanya X ya bibi yangu.

Waliolipa boksi heshima

Anayeona aibu kuweka boksi sebuleni ajue kuwa hayuko peke yake. Msanifu majengo Frank Gehry, mwaka 1972, alitoa kiti cha kadibodi kilichopindapinda kama utepe, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikielekea kwake. Kiti hicho leo kiko katika makumbusho. Shigeru Ban wa Japani alikwenda mbali zaidi: nguzo zake ni mirija ya karatasi. Mwaka 1999 vibanda 50 vya mirija hiyo vilisimamishwa katika kambi ya wakimbizi ya Byumba, Rwanda. Awali wakimbizi walikuwa wanakata miti kupata nguzo za mahema. Walipopewa mabomba ya alumini, wengi waliyauza ili wapate fedha, wakarudi kwenye miti. Mrija wa karatasi haukuwa na soko, ukabaki kuwa nguzo. Mwaka 2014 Ban alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo.

Mfano unaonigusa zaidi umetoka Zimbabwe. Huko mwalimu Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza samani kwa karatasi zilizotupwa, maboksi na gundi ya unga. Viti vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, ambao kiti cha dukani hakiwakai, kwa sababu kadibodi inaweza kukatwa ifuate mwili wa mtoto mmoja, yeye tu. New York nako, Alex Truesdell na wenzake wamefanya kazi kama hiyo kwa kadibodi ya kuta tatu, na mwaka 2015 alitunukiwa kwa kazi hiyo na mfuko wa MacArthur.

Nafuu ya kadibodi haiishii kwenye bei. Mbao ingeniogopesha: ningekosea kukata mara moja, ningekuwa nimepoteza fedha. Boksi linakuruhusu kukosea. Unakata, halikai, unakata jingine. Marufaa ya binti yangu ina kizingiti kifupi kuliko yangu kwa sababu yeye anatumia mkono wa kushoto na kizingiti kirefu kilikuwa kinamkwaza kalamu. Ametengeneza na ya tatu, ndogo, ya simu ya bibi yake mzaa mama, ili aone nyuso za wajukuu walioko mbali bila kuomba mtu amshikie.

Boksi la friji lenye upande wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 160 lina kuta nne. Ukizipanga vizuri, zinatoa marufaa kumi na vipande vinabaki. Kumi ni kundi zima la wanafunzi wanaosoma pamoja jioni. Mwalimu, au mzazi, anayesoma haya Jumamosi asubuhi, ana mchana mzima wa kwenda dukani kuomba boksi kabla halijafika jalalani. Aende na penseli, na kabla ya kulibeba achore mishale.